Sola juu ya paa na waya wa ardhini: jibu kwa mwenye nyumba aliyekatiwa ethi



Ndugu yetu mmoja wa Unguja ametuletea suala ambalo tumelifupisha hivi: "Sheikh wetu, nimeweka sola nyumbani, paneli 10 juu ya sakafu ya paa, inveta na betri. Chini yangu wanakaa wapangaji wawili wenye watoto. Masika haya inveta ikawa inalia kila asubuhi baada ya mvua, haikubali kuwaka mpaka jua likolee. Nikamwita fundi aliyeifunga. Akapanda juu, akakata waya wa kijani na njano uliotoka kwenye fremu za paneli, inveta ikawaka palepale. Akaniambia sola haihitaji ethi, ethi ni ya umeme wa shirika. Mke wangu huanika nguo huko juu, na watoto hupanda kurusha tiara. Shemeji yangu aliyesomea umeme ameniambia niizime leo leo. Je, fundi ana haki ya malipo yake? Na mimi nina jukumu gani kwa wapangaji nikiiacha kama ilivyo?"

Jibu.

Ndugu muulizaji, mtii shemeji yako kabla hujamaliza kusoma makala hii. Zima inveta, shusha swichi ya upande wa paneli, na funga mlango wa kupandia juu. Kamba ya kuanikia, ikiwa imefungwa kwenye chuma cha paneli, usiende kuifungua mwenyewe; mwache fundi mwingine aje aifungue. Paneli, tofauti na jenereta, huwezi kuizima. Maadamu jua lipo, umeme upo ndani ya nyaya zake, hata swichi zote ziwe chini.

Sasa tuje kwenye maelezo. Mimi nimesoma fiqhi, si ufundi wa umeme, lakini wanazuoni wametufunza kwamba huwezi kutoa hukumu juu ya jambo usilolielewa sura yake. Kwa hiyo nilikaa na mhandisi tunayesali naye safu moja mpaka nikaelewa, na hapa nakuelezeni nilivyoelewa na tulichokishuhudia wenyewe.

Maana nasi tulipigwa funzo. Miaka michache iliyopita madrasa yetu ilipewa sadaka ya kisima chenye pampu ya sola. Paneli 8 zilifungwa juu ya mnara wa chuma wa tangi, na kutoka tangi likashuka bomba la chuma mpaka kwenye mifereji ya kutawadhia. Tulishukuru sana. Baada ya mwezi watoto wakaanza kusema, "Maalim, mfereji unauma." Tuliwakemea kwanza, tukidhani ni utundu. Kisha mzee mmoja naye akaumwa. Hapo maneno yakaenea mtaani kwamba kisima kimechimbwa mahali pa majini, na wapo waliotaka tusome kisomo tukate shauri. Mhandisi alipoitwa aliuliza suala moja tu: unauma sala zipi? Tukatafakari. Alfajiri hauumi. Magharibi na isha hauumi. Ni adhuhuri na alasiri. Akacheka akasema, "Basi jini wenu anakula jua."

Alipopanda juu alikuta waya mmoja wa paneli umebanwa baina ya fremu na chuma cha mnara, ngozi yake imekatika, shaba inagusa chuma. Paneli, mnara, bomba na mfereji vikawa kitu kimoja. Na mwenye kutawadha amesimama miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji. Waya wa ardhini haukuwepo kabisa. Aliyefunga alikuwa amesema maneno yale yale ya fundi wako.

Kwa nini tuliumwa tu na hatukufa? Hili ndilo linalowadanganya watu wengi. Umeme wa paneli, upande wa chanya na upande wa hasi, kwa kawaida hauunganishwi na ardhi. Shoti ikitokea upande mmoja tu, umeme hauna njia kamili ya kurudi, unapita kidogo kidogo kupitia mashine yenyewe, na mtu anahisi mtekenyo. Kila mtu anasema ni kidogo, inavumilika. Lakini siku waya wa upande wa pili nao utakapochubuka na kugusa maji au chuma kingine, njia inakamilika, na aliyeshika mfereji siku hiyo yupo katikati. Paneli moja kubwa ya siku hizi hutoa kiasi cha volti 40 hadi 50 ikiwa haijafungiwa mzigo. Ukizifunga 10 kwa mstari mmoja, kama inavyofanywa majumbani, unazungumzia volti 400 na zaidi, kuliko volti 230 za ukutani. Tena huu ni umeme wa mkondo mmoja. Umeme wa shirika hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche yake hupata nafasi ya kukatika. Cheche ya sola haina nafasi hiyo, ikiwaka inaendelea kuwaka mpaka iunguze.

Waya wa ardhini unafanya nini hapa? Kazi yake ya kwanza ni kuvifanya vyuma vyote unavyoweza kuvishika, fremu, mnara, kabati la inveta, bomba, viwe katika hali moja na ardhi unayokanyaga, ili mkono wako na mguu wako visiwe na tofauti ya volti baina yao. Ya pili ni kuipa mashine khabari. Inveta nyingi za sasa, kila asubuhi kabla ya kuwaka, hupima kama umeme wa paneli unavuja kwenda ardhini. Ikiona unavuja, hulia na kukataa.

Hapo ndipo utaelewa alichokifanya fundi wako. Inveta yako haikuwa mbovu. Ilikuwa inasema kweli. Mvua ilinyesha, mahali fulani maji yakaingia, mara nyingi ni kwenye viungio vya nyaya vilivyolala juu ya sakafu penye dimbwi, au kiungio cha kampuni moja kilichounganishwa kwa nguvu na cha kampuni nyingine, umeme ukavuja mpaka kwenye fremu, na kupitia waya wa kijani na njano ukaenda ardhini. Inveta ikauona. Jua likikolea panakauka, inakubali kuwaka. Fundi alipokata ule waya hakuondoa uvujaji, aliondoa shahidi. Umeme bado unafika kwenye fremu, ila sasa hauna pa kwenda, na inveta haina habari nao. Unasubiri mke wako aguse kwa nguo mbichi.

Dawa yake ilikuwa kazi ya nusu siku: kufungua viungio kimoja kimoja, kupima kila mstari wa paneli kwa kipimo cha uvujaji, kubadilisha kilichoingia maji, na kuzinyanyua nyaya zote juu zifungwe chini ya paneli zisilale sakafuni. Ni kazi ya jasho, najua, na juu ya paa mchana ni moto. Lakini ndiyo kazi aliyolipwa.

Hapa niwatoe khofu wengine. Si kila mwenye sola anahitaji kuchimba ardhi. Taa ndogo za sola, na zile seti za paneli moja ya volti 12 yenye balbu tatu na sehemu ya kuchajia simu, volti zake ni ndogo, kiasi cha 20 hivi ikiwa haina mzigo, haziwezi kumrusha mtu. Khatari yake ni moto wa betri, na kinga yake ni fyuzi karibu na betri, si ethi. Mazungumzo yetu ni ya paneli nyingi zilizofungwa kwa mstari, na ya inveta yoyote inayotoa volti 230. Huo wa inveta hauna tofauti na umeme wa shirika. Unaua vilevile.

Na wapo wanaodhani wakishapigilia fimbo ya shaba nje ya ukuta kazi imekwisha. Tufanye hesabu ndogo, mhandisi alinifanyia juu ya karatasi ya ratiba ya darsa. Tuseme fimbo yako ni nzuri, ukinzani wake na ardhi ni ohm 20. Friji ikapata shoti, volti 230 zikaenda kwenye bodi lake na kupitia waya wa ardhini. Gawa 230 kwa 20, unapata ampea 11 na nusu. Breka yako ya ampea 32 haitashtuka hata kidogo, kwake hiyo ni kama birika limewashwa. Bodi la friji litabaki na umeme mchana kutwa. Kwa hiyo fimbo peke yake haitoshi, lazima iwe pamoja na ile swichi inayokata umeme ukivuja, mafundi wanaiita RCD, ya miliampea 30. Hiyo hukata kwa umeme mdogo kuliko hata sehemu moja ya mia tatu ya ule uliopita kwenye friji. Aina yake ifuate kitabu cha inveta, maana zipo za namna mbalimbali. Ina kidude cha kujaribia. Kibonyeze kila baada ya miezi michache. Lakini jueni kwamba kidude hicho kinajaribu swichi yenyewe tu. Kitakubali hata kama fimbo yako haipo.

Kuna jambo jingine lililojificha zaidi, na hata mafundi wenye vyeti wanalisahau. Umeme wa shirika ukiwepo, ule waya wa nyutro unakuja umeshaunganishwa na ardhi huko utokako. Shirika likikata, inveta yako inaachana na nyaya za nje na kuwa kisiwa peke yake. Ikiwa hakuna kilichounganisha nyutro yake na ardhi wakati huo, RCD inakuwa pambo: umeme ukivuja hauna njia ya kurudi kupitia ardhini, swichi haioni kitu. Inveta nzuri zina kifaa ndani kinachofanya muunganisho huo wenyewe pale tu shirika linapokatika. Nyingine zinahitaji kuamrishwa kwenye mipangilio yake, na nyingine hazina, fundi lazima aweke. Na muunganisho huo uwe mahali pamoja tu, usiwepo mara mbili, vyenginevyo umeme wa kawaida utaanza kupita kwenye waya wa ardhini kila siku. Muulize fundi wako suala hili moja: "Shirika likikatika, nyutro ya inveta inaungana wapi na ardhi?" Akikujibu bila kufikiri kwamba haina haja, tafuta mwengine.

Nakumbuka kiza cha Mei 2008, kiasi cha mwezi mzima, na kile kirefu zaidi kilichoanza Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipotuachia Unguja nzima. Kila nyumba iliyojiweza ikanunua jenereta, ikaiweka ukumbini, ikachomeka. Ethi haikumpitia mtu akilini. Nahisi tabia nyingi tunazoziona leo kwenye sola tulizianza katika kiza kile.

Ardhi ya visiwa vyetu nayo ina maneno yake. Aliye kwenye udongo wa kinongo au mabonde ya magharibi ya Unguja, fimbo ya mita 1.2 au 2.4 inazama kwa nyundo bila taabu. Lakini aliye Makunduchi, Jambiani, Nungwi au Micheweni, kwenye uwanda, inchi chache chini ni jiwe la matumbawe. Nimeona kwa macho yangu fimbo iliyokatwa kwa msumeno, nusu imesimama kwenye tundu la saruji, nusu nyingine fundi kaondoka nayo. Jiwe kavu halipokei umeme. Kwenye uwanda, chimba mtaro badala ya tundu, laza waya mnene wa shaba mtupu kwa mita kadhaa, upande wenye unyevu wa kudumu, kama pale yanapomwagika maji ya jikoni, ufukie kwa udongo ulioletwa na si kwa vifusi. Au weka fimbo kadhaa zilizounganishwa, baina ya moja na nyengine pawe si chini ya urefu wa fimbo yenyewe. Wapo wanaomwaga chumvi. Inasaidia kwa msimu mmoja, mvua inaichukua, na kabla haijaondoka imeshaila shaba. Nondo ya kujengea nayo si fimbo ya ethi, inaoza. Na chochote ulichoweka, kipimwe kwa kipimo cha ardhi. Fundi asiyekuwa nacho anakisia tu.

Hewa ya bahari ndiyo adui wa pili. Fremu ya paneli ni aluminiamu, waya ni shaba, na vitu viwili hivi vikigusana penye chumvi na unyevu vinalana. Usizungushe waya mtupu wa shaba kwenye fremu; baada ya misimu miwili utakuta unga mweupe na waya umeachia. Tumia ncha ya shaba iliyopakwa bati, boliti ya chuma kisichoshika kutu, na washa yenye meno. Meno hayo yana sababu: aluminiamu ya fremu imepakwa ngozi ngumu isiyopitisha umeme, lazima itobolewe ndipo muunganisho upatikane. Boliti za kushikia paneli pekee haziaminiki kwa kazi hii. Waya wenyewe usiwe mwembamba. Mafundi wazuri huweka wa milimita za mraba 6, na 16 pale palipo na kinga ya radi. Mwaka mara moja, kabla ya masika, mtu apande akaze na atazame.

Kuhusu radi, nimeulizwa mara nyingi kama waya wa ardhini unaivuta. Hauivuti. Chuma kilichoko juu ya paa lako kipo juu ya paa, kiwe na waya au kisiwe nao. Tofauti ni kwamba kikiwa na waya mfupi ulionyooka mpaka ardhini, sehemu kubwa ya nguvu ile inapata pa kupita nje ya nyumba. Wala usidhani waya huo unazuia radi kukupiga. Na kile kifaa cha kuzuia mfumuko wa umeme, ambacho wauza sola hukisifu sana, kazi yake ni kuimwaga nguvu ya ziada ardhini. Pasipo ardhi kinamwaga wapi? Kosa jengine ni kuzipa paneli fimbo yao peke yao huku nyumba ina fimbo nyengine, zisizojuana. Radi ikipiga karibu, fimbo mbili hizo zinakuwa na volti tofauti, na tofauti hiyo inapita ndani ya inveta yako. Ukiwa na fimbo mbili, ziunganishe.

Sasa tuje kwenye haki za watu.

Fundi huyu katika fiqhi ni ajiri anayefanyia kazi watu wote. Wanazuoni wamekhitalifiana katika dhamana yake pale kitu kinapoharibika bila ya kosa lake, lakini hawakukhitalifiana kwamba akivuka mpaka au akizembea, anadhamini. Na Mtume wetu (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) amebainisha, katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah, kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa elimu hiyo, anabeba dhamana ya atakachokiharibu. Maulamaa wamewapima kwa tabibu huyo wenye kazi nyengine pia. Kwa hiyo, kama hujamlipa kwa safari hii ya kukata waya, hana malipo, kwani hakutengeneza bali ameharibu. Kama umeshamlipa, una haki ya kumtaka arejeshe au aje kutengeneza ipasavyo kwa gharama yake. Malipo ya kazi ya mwanzo ni yake kwa kile alichokifunga sawa, lakini hitilafu ya viungio, ikithibiti ni ya ufungaji wake, ni juu yake. Mwite kwa wema na uwe na shahidi, kwani huenda hakujua. Wengi hawakujua, walifunzwa na aliyefunzwa na jenereta.

Wala asikae peke yake kwenye lawama. Mwenye nyumba anayesema "nipunguzie, ethi tutaweka baadae" amechagua mwenyewe. Bei ya fimbo, waya na RCD ni kitu kidogo ukiilinganisha na bei ya betri.

Ama wewe na wapangaji wako: ulipokuwa hujui, huna dhambi. Tangu shemeji yako alipokwambia, hali imebadilika. Kodi unayopokea ni badala ya manufaa ya nyumba, na nyumba inayorusha watu ina aibu ambayo mpangaji ana haki ya kuambiwa na ana khiyari ya kuvunja mkataba kwa ajili yake. Ukiiacha kwa makusudi na mtoto wa watu akadhurika, hutofautiani na aliyechimba shimo njia wanayopita watu, ambaye mafaqihi wamemdhaminisha ingawa hakumsukuma mtu. Waambie leo. Usisubiri mpaka fundi aje. Aibu ya kuwaambia ni nyepesi.

Na wanaosimamia misikiti na visima vya waqfu, suala lenu ni zito kidogo kuliko la mwenye nyumba, maana mali si yenu na watumiaji hawakuchagua. Mfadhili akikuleteeni paneli bila ethi, mwambieni sadaka yake haijatimia, naye atafurahi kuitimiza. Tulimwandikia wetu, akatuma fedha wiki ile ile.

Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) aliwaamrisha watu wazime taa wanapolala, na katika mapokezi ya Bukhari imetajwa sababu yake: panya huenda akauburura utambi akaiunguza nyumba na watu wake. Panya bado wapo. Mhandisi wetu alipofungua kabati la pampu alikuta waya mmoja umetafunwa karibu nusu, mbali na ule uliobanwa. Akaubadilisha, akaziba tundu la kabati kwa saruji, na alasiri ile tukatawadha kwa mifereji ile ile.

Wallaahu a'lam.